Kwa nini 240Z, na si gari jingine?

Garaji iko Kamalondo. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka Toyota yangu ibadilishwe plaketi za breki, nikakuta mafundi watatu wameinamia simu moja kama wanafunzi wanaotafuta majina yao kwenye matokeo ya mtihani. Kwenye picha kulikuwa na gari jeupe la milango miwili: boneti ndefu, paa linaloteremka hadi mkiani bila kukatika, taa za mbele zimetumbukia ndani ya mashavu. Mwenye simu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mstaafu wa mgodini ambaye sasa anauza mabati na saruji Kenya. Msomaji wa Nairobi asishtuke: Kenya ni komini, yaani sehemu ya mji, ya hapa Lubumbashi, Kongo, jirani na Kamalondo, na mkanganyiko huo una kisa chake mbele.

"Papa," fundi mdogo akamwambia, "na hizo franga zote si unapata Prado?"

"Prado ninayo," mzee akajibu.

Fundi akanyamaza, nami nikarudi nyumbani na swali. Gari lile ni Datsun 240Z, limetengenezwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Lina viti viwili, halina mahali pa kuweka hata mifuko mitano ya saruji, na liko Johannesburg. Kuuliza lina faida gani ni kupoteza muda, maana mzee hakuwa anatafuta faida. Kilichonisumbua ni kingine. Dunia imejaa magari ya zamani ya mbio: Jaguar, Porsche, MG, Alfa Romeo. Mtu anafikaje kusema ni hili, na hayo mengine wachukue wengine?

Tuanze na gari lenyewe, kwa sababu wengi wanalijua kwa sura tu. Nissan, kampuni iliyokuwa ikiuza magari kwa jina la Datsun, ililionyesha Japani mwezi Oktoba 1969. Kwao liliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya Datsun Marekani, aliona jina hilo halifai kwa dereva wa kule, akataka gari liitwe kwa namba na herufi tu: 240 kwa ajili ya injini ya lita 2.4, na Z. Katayama alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 105, na hadi leo wenye magari haya wanamtaja kama watu wanavyomtaja babu mwanzilishi wa kijiji.

Injini ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha wakati ule, na mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa. Uzito wake ni kama tani moja tu. Namba hizi leo hazimtishi mtu. Kuna gari za familia zinazoizidi. Kilichotikisa soko ni bei. Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 3,526, wakati Porsche 911 ya chini kabisa ilikuwa imepita dola 6,000. Mwalimu au fundi wa kiwandani kule aliweza kulilipia. Kwa hiyo lilinunuliwa na watu wengi, na ukoo mzima wa Z hizi za kwanza, pamoja na 260Z na 280Z zilizofuata hadi mwaka 1978, ulifikisha magari zaidi ya nusu milioni, mengi yakienda Marekani. Shika jambo hilo la wingi. Watu hudhani gari la zamani hupendwa kwa kuwa adimu, lakini wingi una kazi yake, tutaiona.

Niliporudi kuchukua gari langu nilimkuta mzee bado yupo, amekalia kiti cha plastiki, akanywa chai yake taratibu na kunieleza.

Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Mjomba wake alifanya kazi upande wa pili wa mpaka, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na aliporudi kusalimia alileta redio na habari za mbio za magari za Pasaka, Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ziliunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika: maelfu ya kilomita za vumbi, matope na ng'ombe wanaokatiza barabara. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann, na Hans Schüller pembeni yake, ndani ya 240Z. Nafasi ya pili pia ikaenda kwa 240Z, ya Shekhar Mehta. Mjomba akasema magari yanakimbia Kenya. Mtoto akatoka mbio, akavuka hadi komini ya Kenya, akasimama kando ya barabara saa nzima akingoja magari mekundu yenye boneti nyeusi. Yakapita malori ya makaa na baiskeli.

Alicheka aliponisimulia, lakini hakucheka sana.

Miaka miwili baadaye, 1973, Mehta alishinda yeye mwenyewe, tena kwa 240Z. Alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia walioondoshwa na Idi Amin, akahamia Kenya. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kushikana mashati: yeye na Harry Källström, wa Datsun nyingine, walimaliza na alama za adhabu sawasawa, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano. Kwa mtoto wa Lubumbashi aliyelelewa kwenye habari za mipaka, kuondoka na kurudi, mtu aliyefukuzwa nchi moja akaenda kushinda nchi ya jirani si habari ya michezo peke yake.

Hapo ndipo tabaka la kwanza la uchaguzi lilipo. Ukichunguza wanunuzi wa magari ya zamani popote pale, utakuta wengi wanatafuta gari walilolitamani walipokuwa kati ya miaka kumi na kumi na tano, umri ambao macho yameshafunguka na mfuko hauna kitu. Mwingereza wa rika la mzee wetu atataka Jaguar E-Type, iliyotoka mwaka 1961, kwa sababu daktari wa mtaani kwao alikuwa nayo. Kijana wa miaka arobaini leo hataki 240Z wala E-Type. Anataka Nissan Skyline GT-R ya miaka ya 1990 aliyoiendesha kwenye mchezo wa video. Kila kizazi kinanunua dirisha lake lile lile la duka kililosimama mbele yake kikiwa hakina kitu mkononi.

Jambo hili lina athari kwenye bei, na hapa wengi huchanganyikiwa. Gari la kawaida thamani yake hushuka tu hadi vyuma chakavu. Machache hushuka, hugota chini, yakakaa huko miaka mingi yakiwa hayana mwenyewe, halafu yakaanza kupanda. Kinachoyapandisha mara nyingi ni wale watoto: wamefika miaka hamsini, wamemaliza kusomesha, wana pesa kwa mara ya kwanza, na magari yaliyobaki ni machache kuliko wanaoyataka. 240Z ilipitia njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990 Nissan yenyewe ilizikusanya Z kadhaa za zamani Marekani, ikazikarabati upya na kuziuza kupitia wauzaji wake. Januari 2020 moja ya mwaka 1971 iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000.

Bei hiyo isikutoe akili. Lilikuwa gari lililotembea kilomita zipatazo 35,000 tu maishani mwake, halijaguswa, na lingine la namna hiyo halipatikani kwa urahisi. Z za kawaida huuzwa kwa sehemu ndogo ya kiasi hicho. Wanaume wengi husema wananunua gari la zamani kama akiba, kama kiwanja. Kwa maoni yangu huo ni utetezi wa kupelekwa nyumbani kwa mke. Kiwanja hakivuji mafuta. Na mzee wetu mwenyewe aliniharibia hoja ya akiba kwa sentensi moja: gari la kwenye picha ni jeupe, rangi yake ya kiwandani, naye atalipaka jekundu na boneti nyeusi. Mfanyabiashara yeyote wa magari hayo angeshika kichwa, kwani kubadilisha rangi ya asili ni kuchoma pesa.

Basi ni kumbukumbu tu? Hapana. Kumbukumbu humleta mtu hadi mlangoni, lakini wengi hufika hapo wakageuka. Wapo waliotamani E-Type utotoni wakaishia kununua MGB. Kinachoamua mwishoni ni kitu ambacho wazee wetu wanakijua vizuri kwenye posa. Ukipeleka habari za mchumba, hawakuulizi kwanza sura yake. Wanauliza: ni wa ukoo gani? Wanajua sura utaiangalia wewe, lakini ukoo utakuja nyumbani kwenu kwenye matanga, kwenye ugonjwa na kwenye deni. Gari la zamani nalo lina ukoo: vipuri, mafundi, vitabu vya ufundi, na watu wengine wenye gari kama hilo ambao watakujibu usiku ukikwama.

Porsche 911 ina ukoo wenye heshima. Injini yake iko nyuma ya magurudumu ya nyuma, na hadi mwaka 1998 ilipozwa kwa hewa badala ya maji, kitu ambacho wapenzi wake hukizungumzia kwa sauti ya ibada. Vipuri vipo, kampuni inawajali wazee wake. Lakini ni wale wakwe ambao kila ukiwatembelea lazima upeleke mbuzi. E-Type ni mrembo ambaye ndugu zake wote wanaishi Uingereza. MGB ni binti wa ukoo mkubwa wenye moyo mwepesi: ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, na tangu mwaka 1988 unaweza kununua hata bodi yake nzima ikiwa mpya. Mwendo wake ni wa mtu anayekwenda ibadani, lakini haimtupi mtu.

240Z je? Hapa fundi mkubwa wa garaji, aliyekuwa kimya muda wote chini ya gari la mtu mwingine, alitoa kichwa akasema jambo ambalo mwandishi kama mimi nisingelipata peke yangu. Injini ya 240Z, L24, ni ndugu wa damu wa injini ya Datsun 1600, L16. Upana wa silinda ni ule ule, milimita 83, na mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 73.7. Nissan iliongeza silinda mbili, basi. Zidisha sentimita za ujazo 1,595 mara moja na nusu uone unapata nini. Na baadaye ikaja L28, ya lita 2.8, iliyofungwa kwenye 280Z na pia kwenye Nissan Patrol za petroli za mwanzo wa miaka ya 1980. L28 inakaa pale pale ilipokaa L24. Duniani kote watu wameshafanya hivyo.

"Kwa hiyo ikikufa njiani," fundi akasema, "tunatafuta Patrol iliyolala kwenye kiwanja cha mtu."

Nilimwona mzee akikaa sawa kwenye kiti. Gari lililotoka ndotoni lilikuwa limepata shemeji hapa hapa Katanga.

Ndiyo maana nilisema wingi una kazi yake. Gari lililotengenezwa mia mbili tu linaweza kupendwa, lakini anayeliweza ni tajiri mwenye fundi wake wa kumwajiri. Gari lililotengenezwa nusu milioni, lenye injini iliyosambaa kwenye magari ya kazi, linaweza kumilikiwa na muuza mabati.

Kisha kuna mji wenyewe. Makala za magari haya huandikwa na watu wa California na Uingereza, na ushauri wao hapa unafika nusu. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na gari la kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, lisilo na kompyuta ya kujisahihisha, litakunywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: moshi mweusi, plagi zenye masizi, nguvu pungufu. 240Z ina kabureta mbili za Hitachi zilizofuata mtindo wa SU za Uingereza, na uzuri wake ni kwamba mchanganyiko unarekebishwa kwa kuzungusha nati iliyo chini yake. Lakini lazima zote mbili zivute sawa, na anayezisawazisha husikiliza kwa mpira ulioingizwa sikioni. Vijana wa garaji wanajua skana, mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Sikio wanalo wazee waliojifunza ufundi kwenye karakana za migodi, na hao wanapungua kila mwaka. Ukinunua gari la kabureta leo, umri wa fundi wako ni kipuri kimojawapo.

Kutu ndiyo ugonjwa mkuu wa 240Z. Bati lake jembamba huoza sakafuni, chini ya betri, nyuma ya magurudumu na kwenye mihimili ya chini. Kwa jambo hili sisi tuna bahati: bahari iko mbali na barabara zetu hazimwagiwi chumvi kama za Ulaya wakati wa baridi. Bahati hiyo inaanzia kwenye kuchagua. Gari lililoishi Johannesburg, nyanda kavu za ndani, lina uwezekano mkubwa wa kuwa na sakafu nzima kuliko lililoishi Durban likivuta upepo wa bahari. Mzee alipouliza picha za chini ya gari badala ya picha zaidi za ubavuni, nilijua si mtu wa kudanganywa na rangi.

Suala la usukani nalo linauma zaidi kuliko linavyoonekana. Kongo tunaendesha kulia. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanaendesha kushoto, na Kasumbalesa ndipo watu wanapobadilisha upande. Magari mengi ya hapa yana usukani wa kulia kwa sababu yametoka Japani, na tumezoea. Lakini kuzoea ndani ya gari refu ni tofauti. Ndani ya 240Z unakalia karibu na lami. Nyuma ya lori la shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa, ukiwa umekaa kulia, unachokiona ni tairi. Aliyeketi kushoto ndiye anayeona mbele, na ndiye wa kusema pita au subiri. Mke wa mzee, ambaye wakati ule alikuwa hajaambiwa lolote, ndiye aliyekuwa amepangiwa kazi hiyo.

Z zenye usukani wa kushoto ziko Marekani, na ndizo nyingi zaidi. Ukitafuta ya Arizona au ya California ya ndani unaepuka kutu. Lakini kutoka Marekani ni meli hadi Dar es Salaam au Durban, halafu maelfu ya kilomita za nchi kavu. Kutoka Johannesburg ni lori moja: Beitbridge, Zimbabwe, Chirundu, Zambia, Kasumbalesa. Barabara hiyo ya kusini ndiyo mama wa mji huu. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea huko huko, na ndio mwaka mji wenyewe ulipoanza. Mzee alichagua ya Johannesburg kwa sababu hiyo ya kawaida kabisa: shehena yake ya mabati hupita njia hiyo, na dereva wa lori anamfahamu. Kabla ya kutuma senti moja alimwita wakala wake wa forodha amweleze mambo ya umri wa gari na ushuru, na ninamshauri yeyote mwenye ndoto ya namna hii afanye hivyo kwanza, kabla hata ya kuangalia picha ya pili.

Limebaki jambo moja ambalo watu huona aibu kulitaja: kuonekana. Sisi ni nchi ya sape, sanaa ya kuvaa mavazi ya kifahari ili uonekane. Hatuna haki ya kujifanya hatuelewi. Anayevaa viatu vya kifahari vya J.M. Weston vya Ufaransa hakuvinunua kwa sababu vinatembea mbali kuliko sandali. Amevinunua kwa sababu mtu mmoja kati ya mia atavitambua, na huyo mmoja ndiye anayemtaka. Prado la mzee kila mtu analitambua, kwa hiyo halisemi kitu. Mjini humu yamejaa. 240Z itapita barabarani na watu tisini na tisa watadhani ni gari la ajabu la Kichina. Wa mia atasimama, atavua kofia, atauliza ni ya mwaka gani. Nilipomwuliza mzee kama hicho ndicho anachokitafuta alikataa kabisa, haraka kidogo.

Jioni nilimpeleka kwake kwa kuwa njia ni moja. Alisema bado hajaamua. Bei inambana, na yule muuzaji hajatuma picha za mihimili ya chini. Anaweza kuacha, akasema, si lazima, mtu mzima haendeshwi na mambo ya utotoni. Tulipofika, mbele ya geti lake kulikuwa na kijana amechuchumaa na nyundo na patasi, akibomoa tuta la saruji linalozuia maji ya mvua kuingia uani. Prado lilikuwa linalipita tuta lile miaka yote bila shida.

"Mwashi anafanya nini?" nikauliza.

"Analishusha kidogo," mzee akasema, akashuka.